Je, mwenye kujua ana haki ya kunyamaza?

Ndugu wasomaji, katika kitabu hiki kidogo tumezoea kuandika juu ya ndoa, mahari, majina ya watoto na matanga. Safari hii naleta swali ambalo kwa haraka linaonekana si la mila, lakini mimi naona liko katikati kabisa ya mila zetu. Swali ni hili: mtu akijua jambo ambalo wenzake wanalihitaji, ile elimu ni mali yake mwenyewe ao ni mali ya kundi? Anaweza kunyamaza nayo mpaka kaburini, na sisi tuseme hakukosa?

Swali hili nililipata mbele ya robine iliyokauka. Nianze basi na ile habari, kisha tutafikiri pamoja.

1. Maji yaliyokatika

Katika mwaka 2009, shirika moja lilisaidia muji wetu, upande wa Mwenga, kuleta maji ya chemchemi kutoka mlimani. Kazi ilifanyika kwa salongo: wanaume walichimba mifereji, wanawake walibeba mchanga na mawe, na sisi walimu tulitoka na wanafunzi wa kalasi za juu kila siku ya posho. Maji yalishuka yenyewe kwa mteremko, bila mashine, yakaingia katika tanki moja, kisha yakagawanyika kwa robine nane. Tukachagua komite: prezida, mweka-feza, sekretere na fundi mmoja. Sekretere nilikuwa mimi.

Fundi wetu alikuwa mzee aliyejifunza kazi ya tiyo zamani katika machimbo. Alijua kila tiyo inapita wapi chini ya udongo. Alijua vane gani inafungwa mvua kubwa ikileta matope, na wakati wa kiangazi alijua namna ya kugawa maji kidogo ili mtaa wa chini nao upate. Alizunguka asubuhi mapema, na komite hatukumfuata. Tulimsifu sana. Tulikuwa tunasema: «Pasipo ule mzee, mayi hakuna!» Tulisema vile kwa kumheshimu. Hatukusikia kwamba midomo yetu ilikuwa inatangaza hatari.

Mwaka 2017 mzee alishikwa na ugonjwa, na katika juma moja akafariki. Miezi mitatu kisha matanga, mvua iliangusha udongo, na robine nne za mtaa wa chini zikakauka. Tulichimba fasi kumi na moja tukitafuta tiyo. Tulifungua vane tuliyoijua, tukaifunga, tukaifungua tena: hakuna kitu. Wamama wakarudi mtoni na bidoni zao kama zamani. Katika majuma yale watoto wengi waliharisha, na kwa jirani yangu mtoto wa miaka miwili akafa. Siwezi kusema ni ile tiyo iliyomuua, mimi si munganga. Lakini nilikaa kwenye kilio kile usiku mzima, na sikuweza kumtazama babake machoni, kwa sababu nilikuwa mtu wa komite.

Mwisho, binti mdogo wa marehemu, mwenye miaka kumi na sita hivi, akaja kwangu masomoni. Akasema: «Mwalimu, miye najua fasi baba alikuwa anafunga.» Tangu akiwa na miaka kumi alikuwa anamshikia babake taa na funguo za kazi. Alitupeleka nyuma ya shamba la ndizi, akatuonyesha jiwe bapa, na chini ya jiwe kulikuwa vane ya pili, imejaa matope. Kesho yake maji yakarudi. Majuma saba tulikuwa tumechimba, na mwenye kujua alikuwa anapita mbele yetu kila siku na bidoni kichwani. Hatukumuuliza, sababu alikuwa mtoto, na tena mtoto mwanamke.

2. Kwa nini mzee alinyamaza

Watu walisema haraka: «Alikuwa mchoyo. Alikufa na siri yake.» Mimi pia nilisema vile. Kisha nikaenda kusalimia mjane wake, na yeye akanieleza jambo ambalo komite ilikuwa imesahau, ao ilijifanya imesahau.

Katika mwaka 2012 tulimpa mzee kijana mmoja wa kumsaidia, ndugu wa prezida. Mzee alimfundisha kwa moyo mweupe. Miezi minane ilipopita, maneno yakaanza kuzunguka: mzee amechoka, kijana anaweza kuchukua kazi, na ile feza kidogo ya kila mwezi iende kwa kijana. Mzee akasikia. Siku ile akamfukuza kijana, na tangu pale hakumuonyesha mtu kitu. Mjane akaniambia: «Mwalimu, ule mtu alikuwa anakula kupitia ile ufunguo. Mulitaka awapatie ufunguo, kisha akule nini?»

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikajichunguza. Katika kabati yangu kulikuwa na kaye tatu za PV za komite, zote kwa mkono wangu, zote kwa Kifaransa. Ni nani katika mtaa wa chini angeweza kuzisoma? Na mchoro wa tiyo zote ulikuwako zamani: ulikwenda pamoja na ripoti ya mwisho kwa wafadhili, na kwetu haikubaki hata kopi. Elimu yetu tuliipandisha juu, kwa wale wasiokunywa yale maji, na kwa wale wanaoyakunywa hatukuacha kitu.

Kuna tena jambo lingine, nalisema bila kujificha. Kwa miaka mingi nilikuwa nakusanya maswali ya zamani ya Examen d'État katika somo langu, pamoja na majibu na maelezo. Wanafunzi waliolipa masomo ya jioni waliyapata. Mwenzangu mmoja kijana, aliyeanza kufundisha somo lilelile, aliniomba ayanakili. Nikamwambia zile karatasi zimepotea. Hazikuwa zimepotea. Mshahara ulikuwa unachelewa, na nyumbani kulikuwa na watoto sita. Basi mimi na marehemu fundi tulikuwa watu wa namna moja, ila yeye alikuwa na sababu kuliko mimi.

3. Lakini siri si mila yetu?

Nikitoa habari hii mbele ya wazee, mara nyingi napata jibu moja: «Mwalimu, kuficha ni mila. Babu zetu walikuwa na siri. Elimu haikuwa ya kila mtu.» Ni kweli, na mimi sipendi watu wanaosema kwamba zamani Waafrika waligawana kila kitu bila shida, utafikiri walikuwa malaika. Kwa hiyo tutazame siri yenyewe ilivyokuwa. Nachukua mfano wa Bwami ya Balega, sababu ndiyo iliyo karibu nasi, katika Mwenga, Shabunda na Pangi.

Bwami ilikuwa na ngazi, na ngazi ya juu kabisa ya wanaume ni Kindi. Katika kila ngazi kuna mafundisho, na mafundisho yanapita kwa methali, kwa nyimbo, kwa ngoma, na kwa vitu vinavyoonyeshwa: sanamu ndogo za pembe ya tembo, za mfupa ao za mti, magamba ya kakakuona, midomo ya ndege. Kitu kimoja kinaweza kubeba methali nyingi. Asiyeingizwa hakuvielewa, na vingine hakuruhusiwa kuviona. Hiyo ni siri, hakuna wa kukataa.

Lakini tazameni ile siri ilikuwa inakaa namna gani. Kwanza, ilikuwa na mlango. Aliyetaka kupanda ngazi alijua ni kwa nani atakwenda, ni mali gani atatoa, ni ndugu gani watamsaidia, na ni mwalimu gani atamshika mkono. Pili, siri haikukaa kwa mtu mmoja. Kulikuwa na vikapu vya vitu vya mafundisho vilivyokuwa vya kundi zima: mmoja anavitunza, lakini si vyake. Na vitu vya mtu binafsi, akifa, vilikuwa na njia ya kufika kwa ndugu atakayemfuata. Tatu, wanawake walikuwa na ngazi zao, na mwanamume hakufika ngazi za juu kabisa bila mke wake kuingizwa pamoja naye. Nne, na hili tulisahau sisi wa komite ya maji, aliyefundisha alipata. Alipata fungu lake la nyama na la mali, alipata na heshima. Mwanafunzi akipanda, mwalimu hakushuka.

Njo maana siri ya Bwami ilikuwa na nguvu ya kuishi. Serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliipiga marufuku mwaka 1948, na vitu vingi viliondoka, vingine viko leo katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Hata hivyo mafundisho hayakuzimika yote, sababu yalikuwa katika vichwa vingi. Kama Bwami ingekuwa ya mzee mmoja mwenye ufunguo mmoja, siku moja ya ugonjwa ingetosha kuimaliza.

Kwa hiyo nasema kuna siri yenye mlango, na kuna siri yenye ukuta. Ya kwanza inauliza: «Wewe ni nani, unakuja na moyo gani, uko tayari kubeba?» Ya pili haiulizi neno. Inangojea tu mwenyewe afe. Babu zetu walijua sana ile ya kwanza. Yule anayetumia jina lao kwa kutetea ile ya pili anawasingizia.

Baluba nao, upande wa Katanga, walikuwa na lukasa, ubao mdogo wa kushika mkononi, wenye shanga na simbi. Watu wa chama cha Mbudye waligusa zile shanga kwa vidole wakitoa habari za wafalme, za safari na za makao yao. Ule ubao peke yake hausemi. Na msemaji pasipo ubao anaweza kupotea njia. Elimu ilihitaji vyote viwili: kitu kinachobaki, na mtu anayejua kukisoma. Komite yetu ilikuwa na mtu bila kitu. Wafadhili walikuwa na kitu bila mtu.

4. Kusema si sawa na kueleweka

Mtu anaweza kuniambia: basi shida ni ndogo, kila mtu aseme anachojua, mambo kwisha. Hapana. Kusema nako kuko na adabu yake, na kwa jambo hili walimu wakubwa ni Walokele wa mtoni, karibu na Kisangani.

Ngoma yao ya mti ina sauti mbili, ya juu na ya chini, sababu lugha yao nayo inakwenda kwa sauti hizo mbili. Ngoma haina vokali wala konsonanti, ina sauti tu. Basi maneno mengi yanafanana kabisa kwenye ngoma: jina la mwezi na jina la kuku yanapigwa namna moja. Mpigaji anafanya nini? Anarefusha. Hasemi mwezi tu, anaongeza maneno kwamba ni ule unaotazama dunia kutoka juu. Hasemi kuku tu, anaongeza kwamba ni yule mdogo anayelia kiokio. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyekaa miaka mingi Yakusu, alieleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1949. Mpigaji anarefusha kwa sababu anamfikiri mtu wa muji wa pili, aliye mbali, asiyeona uso wake na asiyeweza kumuuliza. Anabeba yeye taabu, ili msikilizaji asipotee.

Hiyo naiita adabu, kwa sababu ni kumpenda mtu usiyemuona. Sisi leo tuko na telefone, na komite yetu iko na kundi la WhatsApp. Siku moja prezida aliandika: «Mufunge vane ya juu.» Maneno manne. Vane za juu ziko mbili. Kijana akafunga ile isiyopasa, na upande wa kanisa ukakaa siku mbili bila maji, kukaleta na ugomvi juu. Prezida alisema: «Mimi nilishasema!» Ndiyo, alisema. Lakini Mlokele wa zamani, asiye na telefone, angeongeza: ile ya nyuma ya shamba la ndizi, iliyo chini ya jiwe bapa. Aliyetoa neno fupi na kumwachia mwenzake mzigo wa kukisia, amefanya nusu ya kazi, na nusu ile ndiyo nyepesi.

5. Watu wa miradi na njia yao mpya

Kisha ile taabu ya maji, shirika lingine lilituita Bukavu kwa mafundisho ya siku tatu juu ya uongozi wa miradi. Mfundishaji, kijana mwenye akili sana, alituelezea njia inayoitwa ajaili. Alisema ilipata jina hilo mwaka 2001, watu 17 wa kazi ya kutengeneza programu za kompyuta walipokutana katika milima ya Utah, Marekani, na kuandika mambo wanayoyaamini. Moja kati ya mambo hayo ni kwamba, ndani ya kundi la kazi, njia bora ya kupashana habari ni kuzungumza uso kwa uso. Katika njia hiyo watu wanakutana kila siku kwa dakika 15 tu, mara nyingi wamesimama ili maneno yasizidi. Kila mmoja anasema: jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, ni kitu gani kinanizuia. Ukutani kuna ubao wenye vikaratasi, kila mtu aone kazi iko wapi.

Mzee mmoja aliyekuwa kati yetu akacheka: «Kumbe hiyo ni barza!» Sote tukacheka naye, na kwa kweli hakukosea. Barza yetu ya zamani, ile ya jioni kwenye moto, ilikuwa fasi ya kusema nani aliona nyoka kwenye njia, nani mtego wake umekatika, nani anahitaji mkono kesho. Lakini kisha kucheka, yule mzee akaongeza neno ambalo mfundishaji aliliandika katika kaye yake: «Munaweza kutusimamisha hata saa mbili. Mutu mwenye kuogopa juu ya chakula yake, atasimama na atanyamaza.»

Mimi naona neno lile ni kubwa kuliko mafundisho yote ya siku tatu. Ubao, vikaratasi, mikutano, WhatsApp, yote ni mifereji mizuri, lakini mfereji hauzai maji. Maji yanatoka kwenye chemchemi, na chemchemi ya elimu ni mtu anayejua kwamba akitoa hatatupwa.

Mfundishaji alitupa tena mfano mmoja wa Wajapani, na naupenda kwa sababu ya ule binti wa fundi wetu. Kati ya miaka ya 1980, kampuni ya Matsushita ilitaka kutengeneza mashine ya kupika mkate nyumbani. Mkate ulitoka vibaya, na maenjinia hawakuelewa kwa nini. Mmoja wao, mama Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mpishi mkuu wa mikate wa hoteli moja ya Osaka. Siku moja akaona kwamba yule mpishi, akikanda, anavuta unga na kuuzungusha kwa namna fulani. Habari hii inajulikana kupitia maandishi ya mwalimu Ikujiro Nonaka. Funzo ni hili: kuna elimu iliyo mkononi, mdomo haujafika pale. Ukimwambia mwenyewe «andika unachojua», ataandika nusu, na si kwa uchoyo. Hiyo elimu inapita kwa kukaa karibu, kwa kushika taa. Yule binti hakuwa na diplomu wala PV. Alishika taa miaka sita.

6. Jibu langu

Sasa nirudi kwenye swali. Je, mwenye kujua ana haki ya kunyamaza?

Kuna mambo ambayo ni lazima kuyanyamazia, na hapo kunyamaza ni wema. Anayejua sumu asiifundishe kila mpita njia. Aliyesikia aibu ya jirani kwa kuaminiwa asiitoe sokoni. Siri kama hizo zinalinda mtu. Lakini elimu ambayo maisha ya wengine yanaegemea, kama maji, dawa, mbegu, mipaka ya mashamba, hesabu ya feza ya kundi, hiyo mwenye kuijua anaitunza tu kama mtunza kikapu wa Bwami. Anaweza kuweka mlango. Anaweza kuchagua wa kumpa, kumpima, na kuomba fungu lake. Hana haki ya kuweka ukuta.

Hilo ni upande wake. Kuna na upande wetu, na hapa ndipo naona tunakosa mara nyingi. Kundi linalomwambia mtu «toa unachojua», kisha linamnyang'anya mkate wake kwa sababu ametoa, kundi hilo halina haki ya kumhukumu akinyamaza. Ule uchoyo wa mzee ulizaliwa kwetu. Tunapenda kusema kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa, lakini vidole viwili vinakaa kwenye mkono mmoja, na chakula kikiingia mwilini vyote vinapata. Ukitaka vidole vifanye kazi pamoja, usilishe kimoja na kukata kingine.

Wengi tunapenda kurudia neno la Amadou Hampâté Bâ wa Mali, alilolisema katika UNESCO mwaka 1960, kwamba mzee wa Afrika akifa ni kama maktaba iliyoungua. Ni neno zuri, nami nimelifundisha. Lakini linaweza kutulaza usingizi. Buku haliogopi kufukuzwa kazi. Mzee ni mtu: anaona njaa, anaona kudharauliwa, anaona nani anamuuliza kwa heshima na nani anamvizia. Na maktaba nyingi haziungui kwa moto wa ghafla. Zinakufa polepole kwa sababu hakuna aliyepiga hodi, ao aliyepiga hodi alikuja na gunia la kubebea vyote.

7. Tulichofanya

Nisimalize kwa maneno tu. Mwaka 2018 komite ilikaa mbele ya muji mzima. Mimi niliomba musamaha juu ya kaye zangu za Kifaransa. Prezida hakufurahi, na hata leo anasema nilimuaibisha katika habari ya ndugu yake. Tuliamua mambo machache. Kazi ya maji iwe na watu watatu, na mmoja wao ni yule binti. Feza ya fundi isipunguzwe hata akifundisha wengine, bali kila anayemaliza kufundishwa anamletea mwalimu wake fungu lililokubaliwa: jogoo mmoja na franga kidogo. Wazee walicheka, wakasema hiyo ni Bwami ya tiyo. Kila mwezi wa tatu, wanafunzi wa kalasi moja wanapanda mlimani pamoja na fundi, wanafuata tiyo kwa miguu mpaka chemchemini, na wakirudi wanachora njia waliyopita. Kaye ya maji sasa iko kwa Kiswahili, inakaa kwa mama mmoja karibu na robine ya pili, na kila mtu anaweza kuifungua.

Si kila kitu kinakwenda sawa. Kuna miezi ambayo feza haipatikani, na fundi anakaa bila kulipwa, na mimi naogopa, sababu najua ogopo lile linazaa nini. Lakini tiyo ilipopasuka tena mwaka 2021, watu hawakuchimba fasi kumi na moja. Walichimba fasi moja.

Kwa upande wangu, nilimpelekea yule mwalimu kijana maswali yote, karatasi kwa karatasi. Hakunishukuru sana, alinitazama tu. Labda alikumbuka kwamba zilikuwa «zimepotea». Juma lililofuata alirudi na karatasi mbili alizozisahihisha: kumbe majibu mawili niliyoyauza kwa miaka mingi yalikuwa na kosa, na peke yangu nisingelijua kamwe.

Ndugu msomaji, ukifunga kitabu hiki, jiulize ni ufunguo gani uko mfukoni mwako, na ni nani anashika taa karibu nawe. Na kama wewe uko katika komite, jiulize kwanza kama mwenye ufunguo wako anakula.